Gari la Mkononi: Kulinunua Bila Kurithi Matatizo ya Mwenzio

"Namba E, haidaiwi, injini haijafunguliwa, kiyoyozi kinapuliza, unawasha na kuondoka. Bei inazungumzika." Ukitafuta gari Dar es Salaam utayasoma maneno haya mpaka uyakariri, kama si chini ya picha ya IST basi Passo, kama si Passo basi Rav4. Inawezekana kabisa kila neno likawa la kweli, na bado gari likakumaliza pesa ndani ya miezi sita.

Uwe unanunua kwa mtu, kwa dalali au kwenye yadi, gawa unachokiona mafungu mawili. Fungu la kwanza ni vitu vinavyobadilishwa mchana mmoja kwa pesa kidogo: rangi, kava za viti, rimu, redio yenye kioo kikubwa, hata kilometa zinazosomeka kwenye dashibodi. Fungu la pili ni vitu ambavyo muuzaji hawezi kuvificha bila kutumia pesa nyingi kuliko faida yake: namna injini inavyoamka ikiwa ya baridi, giaboksi inavyopokea gia, chuma cha chini ya gari, jina lililoandikwa kwenye kadi. Fungu la kwanza lisikufurahishe wala lisikutishe. Pesa yako ifuate la pili.

Namba si umri

Herufi ya kwanza kati ya zile tatu za mwisho kwenye namba ya usajili inakwambia gari liliandikishwa lini Tanzania, basi. IST ya mwaka 2004 iliyoshushwa bandarini majuzi itapewa namba E. Pacha wake aliyeingia zamani ana namba C. Umri ni ule ule. Tofauti yao ya kweli ni kwamba mmoja katembea barabara za Japani, mwingine amekula mashimo yetu, na tofauti hiyo ina thamani yake. Lakini sokoni tumeigeuza kuwa imani. Mimi ningechukua namba C ya mtu mmoja aliyeitunza, mwenye risiti za sevisi kwenye bahasha, nikaiacha namba E iliyobeba abiria wa mtandao usiku na mchana kwa mwaka mzima.

Gari lililofanya kazi hiyo hujitambulisha. Tazama kiti cha nyuma upande wa kushoto, anakokaa abiria, na mshikio wa mlango wake. Kama vimechakaa kuliko kiti cha abiria wa mbele, unajua. Tazama pia alama ya kishikizo cha simu kwenye kioo au dashibodi. Si dhambi gari kufanya biashara, ila bei iseme hivyo.

Mwaka wa kutengenezwa usome kwenye kadi, kisha uuthibitishe kwenye gari lenyewe. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho. Kwenye kitambaa kidogo kilichoshonwa chini mara nyingi pana mwaka. Mikanda miwili ikiwa na miaka inayopishana sana, uliza kwa nini. Na ukiivuta, inuse. Mkanda uliowahi kuzama kwenye maji ya mafuriko hubaki na tope na harufu ya uvundo kwenye ile sehemu inayojikunja ndani, ambako mwosha magari hafiki. Dar ina bonde la Msimbazi na masika yake, kwa hiyo hili si jambo la kuwaza tu. Inua zulia la miguuni, tazama boliti zinazoshika viti. Kutu hapo si ya kawaida.

Kwa nini tuna magari ya miaka mingi hivi? Kenya haipokei gari la mtumba lililozidi miaka 8. Tanzania inalipokea, ila TRA inaongeza ushuru wa uchakavu kwa gari lililovuka miaka 8, na unapanda zaidi likivuka 10. Ukifikiria kuagiza mwenyewe Japani, ingia kwanza kwenye kikokotoo cha magari cha TRA, weka aina, mwaka na ukubwa wa injini, ndipo uitazame ile bei tamu uliyoona kwenye simu. Kodi mara nyingi hukaribia bei ya gari lenyewe, na wakati mwingine huizidi. Anayeagiza ana faida moja kubwa, nayo ni karatasi. Gari lililopita mnadani Japani huwa na karatasi ya ukaguzi yenye alama ya jumla na mchoro wa bodi. Alama ya 4 au 4.5 ni nzuri, 3.5 inavumilika, na R au RA maana yake lilipata ajali likatengenezwa. Kwenye mchoro, A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni pale palipokwisha kunyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Cheti cha kusafirisha gari nje ya Japani nacho huonyesha kilometa zilizosomwa kwenye ukaguzi wa huko. Muuzaji wa yadi anayekwambia gari lina kilometa 68,000 mwombe karatasi hizo. Akisema zilibaki kwa wakala, zihesabu kilometa zake kama pambo la dashibodi.

Fika kabla injini haijaamshwa

Hii ndiyo sehemu ninayokuomba usiifanye haraka. Mpigie muuzaji, mwambie unakuja saa mbili asubuhi, na umwombe asiliwashe. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto, ameshaliamsha, na huenda ana sababu: injini iliyochoka husema ukweli wake katika dakika ya kwanza, kisha ikipata moto inanyamaza.

Kabla ya kuwasha, fungua kifuniko cha rejeta. Injini ikiwa ya baridi ni salama. Ikiwa ya moto usithubutu, mvuke utakubabua uso. Ndani unataka kuona kulanti yenye rangi safi, nyekundu, ya waridi au ya kijani. Maji ya kahawia ni kutu. Utando wa mafuta juu yake ni dalili ya gasketi ya silinda hedi. Fungua na kifuniko cha oili: ute mweupe kama maziwa chini yake unaweza kuwa na maana hiyo hiyo. Injini iliyooshwa ikang'aa haikuambii kitu, isipokuwa kwamba kama ilikuwa inavuja, huwezi kujua leo.

Sasa geuza ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake, usiwashe injini bado. Taa ya injini, ya oili, ya betri, ya ABS na ya mifuko ya hewa zote zinapaswa kuonekana, kisha zizime injini ikishawaka. Wanunuzi wengi hutafuta taa inayogoma kuzima. Itafute pia ile isiyowaka kabisa, maana kuna mafundi wanaotibu tatizo kwa kung'oa taa yake.

Washa. Mlio wa kugonga unaotoka chini ya injini ni wa kukimbia. Mwenzako asimame nyuma atazame bomba la moshi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe mzito usiokatika hata injini ikipata joto ni maji yanayoingia ndani. Mweusi ni mafuta mengi kupita kiasi, na huo mara nyingi una tiba ya bei nafuu. Injini za Toyota za 1NZ na 2NZ zilizomo kwenye IST, na kwenye Vitz na Probox nyingi, ni imara na zinatumia cheni ya taimingi badala ya mkanda, lakini zikichakaa huanza kula oili. Ile ya 1ZZ iliyomo kwenye Premio na Allion za 1,800 inajulikana kwa ugonjwa huo tangu zamani. Na injini za D4, zinazochoma mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, hazikuzaliwa mbaya. Zinadai mafuta safi na fundi anayezijua, na mitaani kwetu vyote viwili vinapatikana kwa kubahatisha. Kama fundi wako anasita ukimtajia D4, nunua nyingine.

Kanyaga breki, hamisha gia kutoka N kwenda D, halafu R. Gari lipokee ndani ya sekunde moja bila kuruka. Likichelewa au likikupiga mgongoni, giaboksi inaumwa. Barabarani, tafuta sehemu yenye nafasi, kata usukani mpaka mwisho uendeshe duara polepole, kushoto na kulia. Mlio wa tak-tak-tak ni sivijointi. Pita kwenye matuta ukiwa na redio imezimwa: bushi, bolijointi na shokapu zilizokufa zitasikika. Hizo zisikukimbize, maana spea zake zipo Kariakoo na Gerezani na bei yake inajulikana. Ziondoe tu kwenye bei ya gari.

Bodi ipime kwa sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa. Isiposhika mlango au fenda ya chuma, chini ya rangi pana pati. Inua zulia la buti utoe spea tairi: chuma kilichokunjamana au mchomeleo mpya hapo ni gari lililogongwa nyuma kwa nguvu. Soma pia tarakimu nne kwenye ubavu wa kila tairi. 1519 ni wiki ya 15 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata nzuri na likawa zee la kupasuka likiwa mwendo kasi njia ya Morogoro.

Yote hayo unaweza kuyafanya mwenyewe, lakini malizia kwa fundi wako, si wa muuzaji wala wa dalali. Aliweke gari juu, alitazame chini, alipime kwa kompyuta kabla na baada ya kuliendesha, kwa sababu makosa yaliyofutwa jana usiku hurudi baada ya safari. Mlipe fundi huyo ujira unaojulikana hata kama gari halikununuliwa. Fundi anayesubiri kulipwa na dalali mauzo yakitimia ni wa dalali.

Karatasi

Kadi iwe halisi, si kopi, na jina lake liwe la mtu aliyekaa mbele yako akiwa na kitambulisho cha taifa. "Kadi iko benki" maana yake gari lina mkopo, na mwenye neno ni benki. "Gari ni la marehemu baba" maana yake unahitaji kumwona msimamizi wa mirathi akiwa na barua ya mahakama, hata kama watoto wote wamekubaliana kwa maneno. Linganisha namba ya chesisi kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye chuma, ambayo mara nyingi iko kwenye ukuta nyuma ya injini, na kwa baadhi ya Toyota chini ya kiti cha mbele. Herufi zilizopinda au chuma kilichosagwa mahali hapo ni jambo la polisi, usilifanye la kupatana bei.

Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa faini wa polisi wa usalama barabarani, kisha kwenye mfumo wa TARURA wa maegesho. Madeni hayo huandikwa kwa namba ya gari na yatakukuta wewe. Stika ya bima ihakiki kwenye mfumo wa TIRA kwa namba ileile. Ile ada ya mwaka ya leseni ya gari iliyokuwa ikilimbikiza madeni ilifutwa mwaka 2017, kwa hiyo mtu akikutajia deni jipya la ada hiyo, mwulize vizuri. Mkataba mwandikishane mbele ya wakili, pesa ipite benki, na uhamisho wa umiliki TRA usiuache kwa ahadi.

Kama gari limefungwa mfumo wa gesi asilia, omba karatasi za karakana iliyoufunga na utazame tarehe ya upimaji wa mtungi. Gesi inapunguza sana gharama ya safari, lakini inakula nafasi ya buti, na vituo bado ni vichache na foleni zake unazijua.

Miezi ya kwanza

Ukiwa na milioni 12, tafuta gari la milioni 10. Wengi hufanya kinyume: wanakusanya milioni 12, wanakopa moja, wananunua la 13, na wiki ya tatu linalala nje kwa kukosa betri. Hizo mbili zilizobaki zina kazi tangu siku ya kwanza: oili na filta zake zote, kulanti, plagi, pedi za breki, na chochote fundi alichokiandika. Usiamini stika ya sevisi ya mwenye gari wa zamani. Anza hesabu yako upya.

Kwenye oili kuna ubishi usiokwisha gereji. Utaambiwa nchi yetu ni ya joto, weka oili nzito namba 40, injini itashiba. Kwa Land Rover ya babu, sawa. Lakini injini yenye VVT-i hutumia msukumo wa oili kupanga muda wa valvu, na oili hiyo hupita kwenye vijia vyembamba. Oili nzito huchelewa kufika injini ikiwa ya baridi, ndipo msuguano unapokula chuma. Fuata kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kwa 1NZ ni 5W-30, na lita 4 zinatosha na chenji inabaki. Pima kijiti kila wiki mbili. Injini inayokula oili kidogo inaweza kuishi miaka ukiiongezea. Inayokauka oili hufa siku moja.

Oili ya giaboksi ndiyo inayoua magari mengi kimya kimya. Hakuna "oili ya otomatiki" moja kwa magari yote. Toyota za zamani zinataka T-IV, zilizofuata zinataka WS, na giaboksi za CVT, ambazo ziko kwenye Nissan nyingi na baadhi ya Toyota, zina oili yao isiyobadilishana na nyingine. Fundi akimimina ya otomatiki ya kawaida kwenye CVT, utaendesha kwa muda, halafu utanunua giaboksi. Nunua oili mwenyewe, simama pale, utazame inavyomiminwa.

Kisha kuna kuchemsha. Fundi atakwambia themostati ni kitu cha nchi za baridi, aitoe. Usikubali. Kazi yake ni kuiweka injini kwenye joto lake, na katika injini nyingi ndiyo inayofunga njia ya mkato ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ikitolewa, sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupoa, gari linakula mafuta zaidi, na tatizo lenyewe halijaguswa. Ukitaka kujua tatizo, angalia linatokea wapi. Gari linalochemsha kwenye foleni ya Buguruni na kupoa likipata mwendo, feni yake haifanyi kazi. Linalochemsha likipanda Kitonga limejaa watu, shuku rejeta iliyoziba, pampu ya maji au gasketi. Na tia kulanti. Maji ya bomba yanaleta kutu, na ya kisima cha pwani yenye chumvi ni sumu kabisa.

Passo, na Vitz za baadaye, hazina mshale wa joto. Zina taa ya bluu injini ikiwa ya baridi na nyekundu joto likizidi. Nyekundu ikiwaka tayari umechelewa: zima kiyoyozi, egesha, zima injini, kaa kivulini. Kumalizia safari "pale tu mbele" ndiko kunakogeuza pampu ya bei ndogo kuwa injini nzima.

Mengine ni madogo. Betri ipimwe: volti 12.6 gari likiwa limezimwa, na kati ya 13.5 na 14.5 likiwa linawaka. Ikiwa chini ya hapo injini ikinguruma, usinunue betri, tazama oltaneta. Usizoee kutembea na taa ya mafuta imewaka, kwa sababu pampu iliyo ndani ya tanki inapozwa na mafuta hayo hayo. Chora namba ya gari kwenye vioo vya pembeni na taa. Kibaka hatazuiwa kabisa, lakini soko la kioo kilichochorwa ni dogo. Redio ya Kijapani inayoishia 90 haijaharibika, Japani masafa yao ya FM yako chini ya yetu. Kuna kifaa cha kuongeza masafa, au funga redio nyingine. Bima ndogo ni lazima kisheria, lakini inamlipa uliyemgonga, si wewe. Kama gari hilo ndilo akiba yako yote, kata bima kubwa.

Na siku ukiliuza, nenda na mnunuzi TRA mbadilishe umiliki kabla hajaliondoa. Faini na hata kesi ya ajali humtafuta kwanza mwenye jina kwenye kadi.